Isha Iliyopotea

Nadia alianza kukasirika pale lilipoletwa chungwa.

Alikuwa amepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kompyuta kwapani, akitaka jambo moja tu: kanuni ya hesabu ya kutafuta saa ya swala ya isha. Papa Séraphin, jirani yake wa juu, akamkalisha mezani, akachagua chungwa kwenye bakuli, akalichoma sindano ya kufumia ya mkewe kutoka juu hadi chini, kisha akaliinamisha kidogo.

"Bon. Hii ndio dunia," alisema. "Sasa twende Peking."

"Papa, mimi nina jury mwezi wa sita."

"Peking haiko mbali. Kaa."

Nadia akakaa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, mvua ya Etterbeek inapiga dirisha, na tangu alfajiri alikuwa kazini akiwaogesha na kuwavisha wazee katika nyumba ya kulelea. Mgongo ulimuuma. Ingekuwa ni mtu mwingine angeinuka na kuondoka, lakini Nadia alikuwa mtu wa Buyenzi, kule Bujumbura, na mtu wa Buyenzi hamwinukii mzee mezani kwake, hata mzee awe anamzungusha vipi.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kila akitoka kwa wazee wake, alikuwa akienda kwenye kituo cha watu wazima kujifunza kutengeneza programu za kompyuta. Sasa ilibaki kazi ya mwisho: kila mwanafunzi atengeneze programu yake na kuitetea mbele ya majaji, ndiyo hiyo jury. Akipita, kuna ofisi iliyokubali kumchukua. Asipopita, atarudi kwa wazee moja kwa moja, kwa sababu kituo hakimpokei mtu mara ya pili. Nadia aliwapenda wale wazee, lakini hakutaka kuzeeka akiwanyanyua. Akachagua programu ya saa za swala, kwa ajili ya nyumba ndogo ya kuswalia ya Warundi kule Molenbeek, ghorofani juu ya duka la vitambaa karibu na mfereji. Pale ukutani palibandikwa karatasi ya saa, iliyokunjamana pembe. Yeye angeweka skrini.

Papa Séraphin hakuwa na uhusiano wowote na swala. Alikuwa Mkatoliki wa Lubumbashi aliyefundisha hesabu mpaka nywele zikaota mvi, kisha akawafuata watoto wake Ubelgiji. Alipenda vitu viwili duniani, hesabu na historia ya Uchina. Mkewe, Maman Lucienne, alisema ugonjwa huo wa Uchina ulimpata ujanani na hauna dawa. Aliposikia jirani wa chini anatengeneza programu inayohitaji hesabu za jua, alishuka mwenyewe kujitolea. Sharti lake lilikuwa moja: Nadia asiandike mstari hata mmoja asioweza kuueleza kwa chungwa.

Ajabu ya hesabu ni kwamba kila mtu ana maoni ya jinsi ya kujifunza, hasa wale wasioombwa. Joël, mwalimu wa Nadia pale kituoni, kijana aliyezaliwa Brussels kwa wazazi wa Likasi, alikuwa na ya kwake. "Maman Nadia, unakopia, unajaribu, unaendelea," alimwambia. "Kuelewa itakuja nyuma. Mimi mwenyewe kuna vitu naandika kila siku, sijui vinafanya nini ndani, na vinatembea bien." Nadia alipomfikishia Papa Séraphin maneno hayo, mzee alishika kichwa kana kwamba ameletewa habari ya msiba.

"Muntu anameza formule sawa kidonge, alafu anasema anajua dawa! Wachina balifanya vile. Concours za serikali yao, mitihani ya kupata kazi, vijana banakariri, banakariri, mpaka banazeeka mu chumba cha examen."

"Na wakatawala nchi kubwa kuliko zote," Nadia akamkata. "Miaka mingapi? Kukariri kuliwaharibia nini?"

Hiyo ilikuwa mara pekee msimu ule wa baridi Nadia kumshinda, na hata hapo mzee alitoka kwa mlango wa nyuma. "Ile ni question ingine," alisema, akarudi kwenye chungwa.

Jumamosi zikapita hivyo. Nadia anataka saa ya isha, anapewa mfereji mkuu uliochimbwa kwa pupa na ukoo wa wafalme usiodumu. Anauliza namba, anaambiwa ageuze chungwa. Kila wiki wenzake darasani walionyesha vitufe, picha, ramani, na yeye hakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa vidole vinavyonuka chungwa.

Hadi siku ya nguzo.

"Sikia hii," Papa Séraphin alisema siku hiyo, macho yakimng'aa. "Mufalme wa Peking alikuwa angali kijana. Bantu banagombania kalenda ya inchi. Upande mumoja mukubwa wa kalenda, na Muislamu mumoja wa mahesabu. Upande ingine padri, mutoto wa hapa hapa Flandre. Mufalme akasema: tusipige kelele. Musimamishe nguzo, na kila muntu aseme mbele ya wakati kivuli ya midi, saa sita ya muchana, itafika wapi. Padri akapiga alama. Midi ikafika. Kivuli ikakaa pale pale. Bale bengine, zéro!"

Nadia akaiweka kalamu chini. "Kwa hiyo Mwislamu ndiye mjinga wa hadithi."

"Nani amesema mujinga? Waislamu balipima nyota kule Peking tangu zamani, mbele ule padri azaliwe. Lakini huyu mumoja alirizi mahesabu ya babu zake, hakujua inatoka wapi. Ni ile tu nakuambia."

"Unaniambia mimi."

"Eh?"

"Unasema mimi ndiye huyo." Sauti ilikuwa imeanza kumtetemeka, na alichukia kwamba inatetemeka. "Papa, nimeinua watu tangu alfajiri. Nakuja hapa nimechoka, nakuomba kitu kimoja, unanipa mapadri na wafalme. Mimi sina miaka ya Peking! Nina miezi mitatu!"

Akakusanya vitu vyake. Mtu wa Buyenzi akamwinukia mzee mezani kwake. Alipokuwa kwenye ngazi alimsikia Papa Séraphin akimwita kutoka mlangoni, "Haijaisha! Nadia! Histoire haijaisha!" Hakugeuka.

Usiku ule ule aliinakili kanuni kutoka kwenye mtandao. Haikuchukua muda mrefu kuliko kupika chai. Akaijaribu kwanza kwa Bujumbura, na baba yake akamsomea kwenye simu saa za ubao wa msikiti wao, ule ubao wa rangi ambao Nadia aliukuta akiwa mtoto na haukuwa na haja kubwa ya kubadilishwa, kwa kuwa kule jua linatua saa kumi na mbili hivi, mvua inyeshe isinyeshe. Zikalingana. Akaijaribu kwa Brussels, mwezi wa pili, kisha wa tatu, akalinganisha na karatasi ya Molenbeek. Zikalingana. Alicheka peke yake jikoni, kicheko cha mtu aliyeibiwa muda wake na hatimaye amemjua mwizi. Joël alimpigia makofi mbele ya darasa. Na akikutana na Papa Séraphin kwenye ngazi, alimwamkia haraka haraka na kupita.

Skrini ilitundikwa Molenbeek mwezi wa nne. Mzee Iddi, mtunzaji wa nyumba ya kuswalia, aliisifu kwa kila aliyeingia. Ndiye yeye aliyepiga simu mwanzoni mwa mwezi wa sita.

"Mwanangu, isha imepotea."

"Imepotea vipi?"

"Haipo. Na alfajiri haipo pia. Adhuhuri ipo, alasiri ipo, magharibi ipo. Pale kwenye isha mashine imeandika herufi tatu ambazo sisi hatuzijui."

Nadia alizijua. Ni herufi ambazo kompyuta huandika ikiulizwa namba na kukosa. Alichukua metro bila kubadilisha nguo za kazi, akafungua programu pale pale juu ya zulia, akarudia kila mstari, na kila mstari ulikuwa sawa na ule alionakili. Hakuona kosa kwa sababu hakujua kosa lingekaa wapi. Mzee Iddi akamletea chai, akamtazama kwa huruma.

"Unahangaika nini? Wakati huu wa mwaka sisi tunaswali isha saa moja na nusu baada ya magharibi. Na alfajiri tuna saa yetu vilevile, iko kwenye karatasi. Kila mwaka ni hivyo."

Nadia akainua kichwa taratibu. "Kila mwaka?"

"Tangu tufike."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

"Na kwa nini saa moja na nusu?"

Mzee Iddi akafikiri. "Tulipofika tulikuta wanafanya hivyo," alisema.

Basi akaandika hivyo: hesabu ikishindwa, ifuatwe saa ya Mzee Iddi. Isha ikarudi ukutani, alfajiri ikarudi. Joël alipoona akasema, "Voilà, umemaliza," na kwa Joël kweli ilikuwa imekwisha. Kwa Nadia ndiyo kwanza mwiba uliingia. Aliweza kueleza programu nzima isipokuwa mahali hapo tu, na jaji yeyote mwenye akili angeweka kidole papo hapo. Kwa nini hesabu inashindwa? Kwa nini mwezi wa sita na si wa tatu? Angejibu nini? Kwamba alikuta wanafanya hivyo?

Jumapili alipanda ghorofa ya tatu, shingo imekakamaa kwa aibu. Maman Lucienne akafungua.

"Iko Flagey na mti yake," alisema bila kuulizwa. "Anaenda kila dimanche tangu jua itoke. Ukimuona, umuambie chakula imepoa. Na sindano yangu, ni yeye ameibeba."

Uwanjani Flagey wauza mboga walikuwa wanafungasha. Katikati ya watu na baiskeli, Papa Séraphin alikuwa amesimama na koti lake la kanisani, ameshika mti ulionyooka, umefungiwa kamba yenye jiwe ili usiiname. Mkono mwingine ulikuwa na chaki. Wapitanjia walimzunguka kwa heshima ile wanayowapa wendawazimu. Alipomwona Nadia hakusema "nilikuambia." Afadhali angesema. Alimpa chaki tu.

"Karibu ni midi ya jua. Piga alama. Kivuli itaisha wapi?"

"Papa, tafadhali. Isha imepotea. Nina siku chache."

"Piga alama."

"Watu wanatuangalia!"

"Bale ba Peking pia baliangaliwa."

Nadia alitaka kuutupa ule mti barabarani. Aliinama kwa hasira, akachora mstari mbali na mti, kupita kidogo urefu wa mti wenyewe, kwa kuwa ndivyo vivuli vilivyokuwa mwezi wa tatu alipokuwa bado anatazama mambo hayo. Wakangoja. Kengele ilishalia saa saba na ilikuwa inakaribia saa nane, maana saa za kiangazi za Ubelgiji hulitangulia jua, ndipo kivuli kilipokuwa kifupi kabisa. Kiliishia nusu ya mti na kidogo tu. Mstari wake ulibaki peke yake kwenye jua.

"Zéro," alisema Nadia kwa uchungu.

"Zéro," Papa Séraphin akakubali. "Kwa nini ni fupi?"

"Kwa sababu jua liko juu."

"Juu sana?"

"Juu sana. Kiangazi limepanda."

"Na kama mchana imepanda vile, usiku itashuka mpaka wapi?"

Nadia akakitazama kivuli, kisha mstari wake. Akamtazama mzee. Mzee akatoa chungwa mfukoni, na sindano bado imo. Nadia akalipokea. Akaliinamisha kuelekea jua lenyewe, akaweka kucha mahali pa Brussels, akaligeuza. Kucha ikaingia kivulini, ikatambaa ukingoni mwa giza, ikatoka. Haikufika ndani. Akaligeuza tena, polepole zaidi. Kisha akaweka kucha karibu na tumbo la chungwa, mahali pa Bujumbura, na kucha ikazama gizani moja kwa moja kama ndoo kisimani.

Isha, kwa hesabu aliyoinakili, huingia jua likishuka digrii kumi na nane chini ya upeo. Wakati huu wa mwaka, Brussels, jua halishuki kiasi hicho. Linapita chini kidogo upandeupande, na kabla halijafika linaanza kupanda. Kompyuta iliulizwa ni saa ngapi litafika. Ikajibu kwamba hakuna saa hiyo.

"Haikuharibika," Nadia alisema. "Mungu wangu. Ilikuwa inasema kweli."

Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la mtu wa Bujumbura. Miaka yote aliyoishi Brussels alikuwa akifunga mapazia kiangazi na kulalamikia mwanga, lakini ndani yake usiku ulibaki ule wa Buyenzi, unaoingia kwa wakati na kuingia wote. Hakupata kufikiri kwamba kuna mahali usiku unaweza usifike.

Siku zilizobaki alizitumia kwa Papa Séraphin, wakigombana kila jioni. Alitaka kuweza kusema yote kwa Kifaransa kisichoyumba, na mzee alimkatiza kwa kila neno la kubahatisha. "Non. Anza tena." Nadia aliota neno hilo. Lakini siku ya majaji alipanda basi akijua jua linapita wapi, na kwenye mkoba, pembeni ya kompyuta, alikuwa na chungwa na sindano.

Majaji walikuwa watatu, na Joël pembeni kama mwalimu wake. Nadia akaonyesha programu. Wakauliza kwa nini alichagua kijani. Wakauliza kama maandishi yatasomeka kwa wazee. Mmoja akauliza kama inaweza kufunguka kwenye simu, na inaweza. Kisha yule wa katikati, mwanamke mwenye miwani, akainama kwenye skrini, kidole kikashuka orodhani hadi kwenye isha, kikasimama. Mkono wa Nadia ukaingia kwenye mkoba.

"Saa hizo?" alisema yule mama. "Hawa watu wanalala saa ngapi?"

Wakacheka kwa upole. Akafungua ukurasa mwingine. Mkono wa Nadia ukabaki mkobani, umeshika chungwa.

"Bravo, Madame," walisema mwishoni. Alikuwa amepita, tena kwa sifa. Joël alimkumbatia. Nadia akashukuru, akatabasamu, akapanda basi, na hadi anafika Etterbeek alikuwa na hasira zilizomfanya apitilize kituo chake.

Maman Lucienne alipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua milango. Papa Séraphin akangoja vitulie.

"Baliuliza nini?"

"Rangi."

"Na isha?"

"Waliicheka." Nadia akatupa mkoba kitini. "Hakuna aliyeuliza, Papa! Hata mmoja! Nimechora chaki Flagey kama kichaa, nimegombana na wewe mpaka nimekonda, nimejifunza jambo ambalo sikudhani kichwa changu kinaweza kulibeba, na wameuliza kwa nini kijani. Ningeandika uongo pale wangesema bravo vilevile. Hawakujua hata cha kuuliza!"

Alikuwa karibu kulia, na safari hii hakujali. Nilipata nilichotaka, aliwaza, mbona inaniuma hivi? Papa Séraphin akavuta kiti karibu.

"Ulitoka mbele histoire iishe," alisema.

"Papa, si leo."

"Ni leo. Siku ya nguzo, bakubwa bote balikuwa pale, na manguo ya hariri. Kivuli ikakaa juu ya alama. Mufalme akatafuta mukubwa wa kumuelezea. Hakuna. Hata mumoja hakujua ile hesabu inatembea namna gani. Banaangalia chini tu. Mufalme akakasirika sana. Akasema: kama mimi mwenyewe sijui, nitahukumu namna gani benye kujua? Akakaa chini, kijana vile, akajifunza mahesabu. Kwa padri ule ule."

Nadia akapangusa macho. "Kwa hiyo sasa mimi ni mfalme."

"Hapana. Weye uko fâchée, umekasirika tu. Lakini yeye pia alianzia pale."

Kisha Nadia akatoa chungwa mkobani, limebonyea kwa kushikwa, akaliweka mezani kati yao.

"Basi niulize wewe," alisema.

Papa Séraphin akainuka. Akaenda kuvaa koti lake la kanisani, akalifunga vifungo vyote, akarudi akakaa upande wa pili wa meza, uso umekuwa wa mtu mwingine kabisa.

"Madame Nadia. Isha inapotea juu ya nini?"

Nadia akaeleza. Alieleza kwa chungwa, kisha kwa namba, kisha kwa chungwa tena, bila kuyumba, na mzee akatikisa kichwa taratibu kila hatua. Maman Lucienne alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Bon. Na alfajiri?"

Nadia akajibu.

"Bon. Sasa ushuke kusini, kupita Bujumbura, kupita Cape Town, mpaka mbali kule, mwezi hii hii ya sita. Isha kule inapotea?"

Nadia akaharakisha. "Inapotea," alisema, "kwa sababu ni mbali na ikweta vilevile."

"Non."

"Papa, umbali ni ule ule!"

"Non. Anza tena."

Hasira zikampanda zile zile za siku ya kwanza, kutoka miguuni hadi masikioni. Akamkazia macho yule mzee aliyejifunga vifungo kwa ajili yake. Akachomoa sindano, akalichoma chungwa upya, akaliinamisha hadi ncha ya chini ikaupa mwanga kisogo, akaanza tena.